Mzazi, sema mtoto atachezea wapi kabla bikoni hazijasimikwa

Ramani ya viwanja inapobandikwa kwenye ubao wa ofisi, wengi husogea kutafuta kitu kimoja tu: namba ya kiwanja chao. Wakishaiona, hurudi nyumbani wametulia. Ni wachache wanaouliza kile kipande kilichopakwa rangi ya kijani ni cha nini, kinaishia wapi, na kwa nini mkondo wa maji umechorwa kama mstari mwembamba unaopita nyuma ya nyumba za watu.

Maswali hayo huonekana kama ya wataalamu wa ardhi. Ukweli ni kwamba yanamhusu zaidi mzazi. Kipande kile cha kijani ndicho kitakachoamua kama mtoto atacheza mpira uwanjani au barabarani. Mstari ule mwembamba ndio utakaoamua kama mvua za masika zitapita zake au zitaingia chumbani.

Kwa familia za Mugoma, wilayani Ngara, na za senta nyingine zinazokua katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, suala hili linaweza kuonekana la mbali. Nafasi bado ipo. Watoto wanacheza popote, migomba imezunguka nyumba na bonde liko pale chini. Nani atakaa mkutanoni kujadili bustani na njia za watembea kwa miguu, wakati kuna maharage ya kupalilia na ada ya kutafuta?

Lakini senta hukua kimyakimya. Huanza na maduka mawili, mashine ya kusaga na kijiwe cha bodaboda. Gulio likichangamka, watu hujenga karibu na barabara. Baadaye kiwanja cha wazi hupata mwenyewe, njia ya mkato ya wanafunzi hukatwa na ua, na ukingo wa mto hugeuka kuwa mahali pa kufyatulia matofali. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Senta nayo ni hivyo hivyo.

Ngara inajua mji unavyozuka

Wakazi wa Ngara wenye umri wa kukumbuka mwaka 1994 hawahitaji kuelezwa jinsi makazi yanavyoweza kuibuka na kubadili mazingira. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, katika muda wa takriban siku moja, zaidi ya watu 200,000 waliokimbia mauaji nchini Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilayani humo. Kambi ya Benaco ikawa, kwa muda mfupi, na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania.

Watu hao walihitaji kuni, nguzo na maji. Miti ya maeneo ya jirani ilikatwa, na kadiri miezi ilivyopita, mwendo wa kutafuta kuni ukawa mrefu zaidi. Mashirika ya misaada yalilazimika kuanzisha kazi ya kulinda miti iliyobaki na kupanda mingine.

Ile ilikuwa dharura, na hakuna aliyepata nafasi ya kukaa chini kupanga. Senta ya kawaida inayo nafasi hiyo. Inakua kwa miaka, nyumba moja baada ya nyingine, na kila mwaka kuna mkutano ambao mtu angeweza kunyoosha mkono na kusema: hapa tusijenge, hapa tuwaachie watoto, hapa maji yapite.

Dar es Salaam na gharama ya kuchelewa

Mfano mkubwa zaidi nchini wa gharama ya kuchelewa uko mbali na Kagera, katika bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam. Mto huo unaanzia upande wa vilima vya Pugu, unakatiza jiji na kuingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Bonde lake ni njia ya asili ya maji. Hata hivyo, mji ulipopanuka, watu waliohitaji mahali pa bei nafuu karibu na kazi walijenga humo, na nyumba zikaongezeka kizazi hadi kizazi.

Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini humo. Baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 nyumba za bondeni zilibomolewa, na familia nyingi zikajikuta nje na vyombo vyao. Mafuriko yalirudi tena. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kuwa mafuriko ya Aprili 2018 pekee yalizigharimu kaya za jiji hilo zaidi ya dola milioni 100 za Marekani.

Hasara haikuwa ya mali tu. Bonde lililogeuzwa jalala na mfereji wa majitaka huingia hadi jikoni. Utafiti wa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi na kukuta madini mazito, ikiwemo risasi. Risasi ni hatari zaidi kwa mtoto mdogo, kwa sababu huathiri ukuaji wa ubongo.

Leo kuna mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200, na pamoja na fedha za Hispania na Uholanzi jumla inafikia dola milioni 260. Fedha hizo ni za kuupa mto nafasi yake, kujenga daraja jipya la Jangwani na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji. Ili hayo yafanyike, familia zilizokuwa bondeni zimelazimika kuondoka, na wapo waliolalamika kwamba fidia waliyopangiwa haitoshi kuanza upya kwingine.

Somo lake kwa mzazi wa Mugoma ni hili: eneo la wazi ambalo leo lingehifadhiwa kwa uamuzi wa mkutano na miche michache, baadaye hurudishwa kwa mabilioni ya shilingi na machozi ya watu.

Walichojua wakazi

Hadithi ya Msimbazi ina upande mwingine ambao haujasemwa vya kutosha. Kabla ya wahandisi kuchora, wakazi waliulizwa.

Kuanzia mwaka 2015, mradi uitwao Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu wapite mitaani wakishirikiana na wenyeji kuchora ramani za maeneo yanayofurika. Walichora nyumba, mifereji, vijia na madaraja madogo. Waliwauliza wakazi mafuriko yalifika wapi na yalipanda kiasi gani. Mama aliyewahi kumbeba mwanawe begani usiku wa mvua anajua maji yalifika dirishani au mlangoni. Picha ya setilaiti haimwambii mtaalamu jambo hilo.

Mwaka 2018 zikafuata warsha za pamoja, ambapo wataalamu, viongozi wa serikali na wawakilishi wa wananchi walikaa na ramani na kupendekeza sura mpya ya bonde. Mpango uliotokana na vikao hivyo ndio uliokuja kuwa msingi wa mradi. Haukumridhisha kila mtu, na malalamiko ya fidia ni ushahidi. Lakini ulidhihirisha kwamba mtu asiyejua kusoma michoro anaweza kuwa na taarifa ambayo mchoro unaihitaji.

Zanzibar nako kuna mfano. Mwaka 2014, idara inayoshughulikia mipango miji na vijiji visiwani humo, pamoja na wadau kutoka Uholanzi, ilianza kazi iliyopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo. Wakazi wa Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, walishirikishwa kutaja sehemu zenye maana kwao: mabaraza ya kukaa, viwanja, miti na njia wanazopita. Miongoni mwa mawazo yaliyotokana na kazi hiyo ni njia ya kijani katika eneo la Michenzani, yenye miti na nafasi ya watu kutembea kwa miguu. Jina lenyewe la kazi hiyo linatosha kuwa somo. Haikuulizwa Ng'ambo wanayoitaka wataalamu. Iliulizwa tuitakayo.

Na pale ambapo hakuna anayeuliza, raia anaweza kusema bila kuulizwa. Mwaka 1989, Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Alidharauliwa na kushambuliwa kwa maneno, lakini aliendelea kuandika barua. Jengo halikujengwa. Watoto wa Nairobi wameendelea kuwa na bustani katikati ya jiji.

Kwa nini ni suala la afya

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi yanayomfanya ahemee juu kidogo. Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anatakiwa awe katika mwendo wa namna mbalimbali kwa dakika 180 kwa siku. Kwa familia nyingi hakuna ukumbi wa mazoezi wala bembea za kulipia. Dakika hizo zinapatikana kwenye uwanja wa wazi na njia ya kwenda shule. Uwanja ukitoweka, mpira huhamia barabarani, mahali pa bodaboda na malori.

Jambo la pili ni malaria. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa takriban watoto 8 kati ya 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 nchini walikuwa na vimelea vya malaria. Mkoani Kagera walikuwa takriban 18 kati ya 100, kiwango cha tatu kwa ukubwa baada ya Tabora na Mtwara. Mbu anayeeneza malaria hupenda kutaga kwenye madimbwi ya maji yaliyotulia yanayopigwa jua. Shimo la matofali lililoachwa wazi baada ya mwenye nyumba kumaliza kujenga ni mahali pazuri mno kwake. Mfereji ulioishia njiani nao ni vivyo hivyo.

Shimo hilo hilo linaweza kumuua mtoto bila mbu. WHO inakadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na takriban robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Mtoto hazami ziwani tu. Dimbwi, kisima kisichofunikwa au kijito kilichojaa baada ya mvua vinatosha.

Tatu ni maji ya kunywa. Nyumba zikisogelea chemchemi, vyoo husogea pia. Wataalamu wa afya hushauri choo cha shimo kiwe walau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na kisiwe upande wa juu wa mteremko. Katika nchi ya vilima kama Ngara, ushauri huo wa mwisho ni wa kuzingatia sana, kwa kuwa uchafu wa juu huishia kwa wanaochota chini.

Sheria inampa mzazi nafasi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au chanzo cha maji. Mita hizo 60 zinaweza kuwa zaidi ya katazo. Zikipangwa vizuri ndizo zinazoweza kuwa ukanda wa miti na njia ya miguu ya senta nzima. Zikiachwa bila mpango, kila mtu huzimega kidogo kidogo.

Kwa maeneo yaliyo chini ya serikali ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi hauwi halali kwa sababu tu mtaalamu wa wilaya ameuchora. Unapaswa kuidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mkutano huo unatakiwa kufanyika walau mara moja kila miezi mitatu. Kwa maeneo yanayopangwa kuwa mji, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji iwaite wadau wa eneo husika, na rasimu ya mpango iwekwe wazi ili wananchi waikague na kutoa maoni.

Tatizo ni nani anayefika. Mkutano ukiitishwa saa ambayo kina mama wako kisimani au sokoni, maoni yatakuwa ya wanaume waliokuwa kijiweni. Ukiitishwa siku ya gulio, watakuwepo wachache. Kuomba mkutano upangwe siku na saa ambayo akina mama wanaweza kufika ni hoja halali ya kumpelekea mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, na haihitaji kuwa msomi kuitoa.

Waulizeni na watoto. Hawapigi kura mkutanoni, lakini wao ndio wanaojua mahali wanapovuka kijito wanapokwenda shule, jiwe linaloteleza, mbwa wa nani yuko nje na kichaka gani wanakiogopa jioni. Chakula cha usiku kinatosha kuwa kikao. Mzazi anaweza kufika mkutanoni akiwa na majibu yao.

Useme nini ukifika

Maoni yanayofanyiwa kazi ni yale yanayotaja mahali na sababu. Kusema “tunataka mazingira mazuri” hakumsaidii mpima ardhi. Kumwambia kuwa watoto wa upande fulani wanavuka mkondo fulani, na masika maji hufika magotini, kunampa kitu cha kuchora.

Mzazi anaweza kuanza na mambo haya:

Uwanja wa michezo uko wapi, ukubwa wake ni upi, na umeandikwa kwa jina la nani? Eneo la wazi lisilo na mipaka wala kumbukumbu katika ofisi ya kijiji ni rahisi kugawiwa mtu.

Njia ya watoto kwenda shule na zahanati imeachwa? Njia ya miguu iliyozoeleka isipochorwa, kisheria itakuwa ndani ya kiwanja cha mtu.

Maji ya mvua yanatoka wapi na yanaishia wapi? Waulize wazee mto uliwahi kupanda hadi wapi. Sehemu hiyo isigawiwe kwa makazi hata kama kiangazi inaonekana kavu.

Mashimo ya matofali yatakuwa wapi, na nani atayafukia kazi ikiisha?

Miti gani itapandwa? Si kila mti unafaa kila mahali. Mikaratusi hukua haraka na inafaa kwa mbao na kuni, lakini hunywa maji mengi na haifai karibu na chemchemi. Kandokando ya maji inafaa miti ya asili kama mikuyu. Uwanjani unafaa mti wa kivuli, ambao mtoto anaweza kukaa chini yake wakati wa jua kali.

Taka zitatupwa wapi? Senta isiyo na jalala lililopangwa hulifanya korongo la karibu kuwa jalala, na korongo humwaga mtoni.

Baada ya kusema, mzazi aombe jambo moja zaidi: hoja yake iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Maneno ya mdomo husahaulika viongozi wanapobadilika. Yaliyoandikwa yanaweza kuulizwa mkutano unaofuata, kupelekwa kwa diwani wa kata, au kuoneshwa kwa ofisa ardhi wa halmashauri siku mtu atakapoanza kuchimba msingi katikati ya uwanja.

Si kila hoja itapita. Mwenye shamba kando ya mto ana familia ya kulisha, na kumwambia aache mita 60 bila kumwonesha pengine pa kulima ni kumpa adhabu. Ndiyo maana majadiliano hayo yanafaa kufanyika mapema, wakati kijiji bado kina ardhi ya kubadilishana na majirani bado wanazungumza. Bondeni Msimbazi mazungumzo hayo yalikuja wakati kila upande ulikuwa umeshaumia.

Mkutano ujao wa kijiji ukitangazwa, angalia ajenda. Ukiona neno ardhi, viwanja, barabara au mpango wa matumizi, usiseme hayo ni ya wenye mashamba makubwa. Mtoto atakayekuwa darasa la kwanza mwaka ujao atapita kwenye njia itakayochorwa siku hiyo.